Mtu Tuliyemsoma

Gazeti lilinifikia likinuka samaki mkavu, kwa sababu Mhindi mwenye duka pale Mkuyuni aliliweka nyuma ya magunia yake mpaka siku nitakaposhuka sokoni. Lilichapwa pwani kwa Kiswahili, likaja kwa gari moshi hadi Morogoro, likabebwa kichwani hadi Mkuyuni, na kutoka hapo nililipandisha mlima mimi mwenyewe, limekunjwa ndani ya kanga niliyombebea mtoto. Kijijini kwetu, juu ya Matombo, wanawake hawakuwa na msomaji mwingine. Watu wa misheni walinifundisha herufi wakitumaini nitasoma maisha ya watakatifu. Niliyasoma, lakini sikuona haya kupenda zaidi habari za watu walio hai.

Mtoto yule alikuwa wa kwanza. Mume wangu alikuwa amehamia kwetu, kama ilivyo desturi ya Waluguru, na tulikaa nyumba ya jirani na mama yangu. Siku zile zimebaki kichwani mwangu kama usingizi wa mchana: ukungu unaingia mlangoni bila kubisha, maziwa yanalowesha kanga, mama anachambua maharage kwenye ungo na mimi nasinzia na kuamka, nasinzia na kuamka. Huenda mengine niliyaota. Hili la gazeti sikuliota.

Jumbe wetu alikuwa amekufa. Wakati ule nchi ilikuwa chini ya Wadachi, boma lao liko Morogoro, na kila kipande cha mlima kilikuwa na jumbe wake wa kupeleka watu kwenye kazi ya barabara na kuleta amri. Hayo tulikwisha yazoea. Kilichomkosesha mama usingizi ni kazi nyingine ya jumbe: kuwaambia wazungu ardhi ipi ni ya nani. Ardhi isiyo na mwenyewe ilikuwa ya serikali, na serikali ikitaka ilimpa mzungu mwenye kulima kahawa. Neno la jumbe lilitosha.

Na mama alikuwa na shamba lililolala. Lilikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye bega la mlima, bibi yangu alilima hapo na mama yake kabla yake. Mwaka nilioolewa mama alisema limechoka, akalilaza. Kwetu shamba lililochoka huachwa. Majani huota, vichaka huota, hakuna anayegusa, mpaka mama mkubwa wa ukoo aende, achukue udongo mkononi, aunuse, aseme limeamka. Mgeni akipita ataona pori. Sisi tuliona shamba limelala, na tulipita pembeni tukinong'ona, mimi hadi leo nikipita karibu na shamba la namna ile hushusha sauti.

Basi bwana shauri, mzungu mkuu wa boma, akasema anataka kusikia kwa wakuu wa koo ni nani wanamtaka kati ya watu wawili waliotajwa. Wanawake hawakuitwa, lakini mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu, na hakuwa na kawaida ya kwenda mahali kusema jambo la ardhi bila kuambiwa na dada yake. Ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa mama. Mjomba huishika tu, kisha humwachia mtoto wa dada yake. Baba yako ana ardhi yake kwa mama yake, huko huko kwao.

Wale watu wawili hatukuwajua. Mlima ni mpana, na kila mmoja aliishi nyuma ya mgongo wake wa mlima. Mmoja alikuwa mrina asali. Mwingine alikuwa mnyapara, msimamizi wa vibarua kwenye shamba la mzungu. Ndipo mwalimu mmoja wa shule ya serikali ya Morogoro, mtu wa pwani aliyekuwa akipeleka habari kwenye gazeti, akapata wazo. Akamwendea kila mmoja, akawauliza maswali yale yale, akaandika majibu yao, na gazeti likayachapa ubavu kwa ubavu ili watu wapime.

Tulipima. Wanawake walijaa barazani kwa mama, wengine wamekaa ndani ya ukungu wenyewe, nasikia kikohozi tu sioni uso. Nilianza na mrina asali. Aliulizwa atafanya nini akipewa ujumbe, akajibu kwamba yanayowezekana atayafanya, na yasiyowezekana atasema hayawezekani.

"Huyo ndiye jumbe au ukuta?" mwanamke mmoja aliuliza, na tukacheka.

Aliulizwa ana mali gani. Akajibu kwamba ana mizinga ya nyuki, na ana shamba la migomba aliloachiwa na baba yake.

Hapo kicheko kilikatika. Mama aliacha kuchambua.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia. Shamba aliloachiwa na baba yake.

"Baba," mama alisema polepole. "Mluguru huyo?"

Kwa mtu wa nchi nyingine maneno yale hayana kitu, kila mtu ana baba na kila baba huacha shamba. Kwetu yalikuwa kama mtu kusema mbele za watu kwamba amekula cha wenzake. Mwanamume anayeshika ardhi kwa jina la baba yake, basi kuna wanawake mahali fulani wamenyang'anywa. Na aliyewanyang'anya dada zake ataogopa nini kwetu?

Nikageukia mnyapara. Ee, yule bwana alijua kusema. Sijapata kusikia mtu akisema vile, na hata sasa, nilivyo mzee na nilivyo na hasira naye, siwezi kuyasoma maneno yake kichwani bila kuyaonea raha. Alisema anawajua watu wa mlima mmoja mmoja. Alisema analijua kila shamba linalolala, kuanzia mtoni mpaka unapoanza msitu. Alisema shamba lililolala ni mzazi aliyejifungua jana, na asiyeuheshimu usingizi wake hakulelewa na mama.

Wanawake waliguna kwa pumzi moja. Mimi nilikuwa na mtoto kifuani, nilijifungua si muda mrefu, nikahisi yule mtu amenisemea mimi. Machozi yalinilengalenga. Nilisoma mara ya pili bila kuombwa.

"Huyu ana mama," mama yangu alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Alikuwa na njia yake ya kumpima mtu, na kwa miaka yote ilikuwa imemfaa. Hakusikiliza mtu anaahidi nini. Alisikiliza mtu akizungumza anamtaja nani. Jioni ile alimwita mjomba akamwambia, na mjomba, aliyekuwa mtu wa kusitasita, akauliza kama tuna hakika, kwa kuwa ukoo wa yule mrina asali ni watani wetu.

"Watani ni watani," mama alisema. "Ardhi ni ardhi, kaka."

Jambo hili linanichoma mpaka leo. Mtani, kwetu, una ruhusa ya kumwambia lolote usoni. Unaingia kwake bila hodi, unamtukana, unachukua kuku, unamuuliza mambo ambayo kaka yake haulizi, naye hana ruhusa ya kukasirika. Ni yeye atakayekuzikia maiti wako akiwa anakucheka. Tulikuwa na njia wazi ya kwenda mpaka mlangoni kwa yule mtu na kumuuliza, wewe mwizi, shamba umelipataje? Safari ya asubuhi moja. Sisi tukachagua kumsoma.

Mjomba akaenda Morogoro na wakuu wengine. Kumbe migongo yote ya mlima ilikuwa imesomewa gazeti lile, na wanawake wote walikuwa wamesimama pale pale kwenye neno baba. Mnyapara akapewa ujumbe.

Alikuja kutusalimia kabla ya mvua za vuli. Alikuwa mtu msafi, mpole, sauti yake ya chini. Alimpa mama shikamoo kwa kuinama kabisa. Alikula ugali wetu na majani ya maboga akasifu. Kisha akamwomba mama amwonyeshe lile shamba lililolala, kwa maana, alisema, jumbe asiyeyajua mashamba ni jumbe wa nini.

Mama alimshika mkono akamvusha kijito. Niliwafuata nikiwa na mtoto mgongoni. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikianguka bila kulowesha, ile mvua yetu inayoning'inia tu hewani, na mama alikuwa na furaha ambayo sikuiona tena kwake. Alimwonyesha linapoanzia, alimwonyesha linapoishia, jiwe la bibi, mti wa mpaka, mahali maji yanapochuruzika. Yule bwana alisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Aligusa jiwe kwa kiganja. Aliuliza na upande wa juu je, na mama akamwonyesha upande wa juu.

Baadaye wanaume wetu walipelekwa barabarani, mume wangu akiwemo, wengi kuliko siku za jumbe wa zamani. Tulinung'unika, lakini barabara ni barabara. Kisha vijiti vikatokea. Vijiti virefu vyenye vitambaa vyekundu, vimechomekwa kwenye bega la mlima, na cha kwanza kilikuwa kando ya jiwe la bibi.

Mjomba alikwenda kwa jumbe akarudi amenyauka. Shamba limeandikwa pori. Keshokutwa wazungu wa kupima wangekuja kulitazama kwa macho yao, na baada ya hapo lingekuwa la mkulima wa kahawa. Jumbe hakukana wala hakutahayari. Alimwambia mjomba kwa sauti ile ile ya chini, "Dada yako mwenyewe alinizungusha kote. Niliona hata shina moja la muhogo? Nikiulizwa, nitasema nilichokiona."

Hakuwa amesema uongo popote, na hilo ndilo lililotumaliza nguvu. Alisema anayajua mashamba yanayolala, na kweli aliyajua, akayaonyesha moja baada ya jingine kama mtu anayeonyesha mbuzi wa kuuza.

Tuliobaki kijijini tulikuwa wanawake na wazee. Nilichukua jembe. Mama akanizuia mlangoni.

"Ukiliamsha sasa litakufa," alisema. "Bado halijapumzika. Ukilichimba mvua itashuka nalo lote mpaka mtoni."

"Na tusipolichimba, mama?"

Alikaa siku nzima na ungo mtupu mapajani. Nilimwambia tupeleke habari kwa watani, wao huja kwenye msiba, na huu ni msiba. Akasema ataanzaje kumtumia salamu mtu aliyemkataa mbele ya boma. Niliona aibu yake, sikumsukuma zaidi. Nililala mchana nikiwa na mtoto, nikaota bibi yangu amelala shambani na watu wanamruka.

Asubuhi ya siku ya kupima, ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba sikuona mlango wa mama. Nilisikia kwanza. Nilisikia majani yakisuguana, majani makubwa, na miguu mingi, na mtu anacheka. Kisha ukungu ukafunguka kidogo nikaona migomba inatembea. Migomba mizima, imesimama juu ya mabega ya watu, majani yake yanapepea juu ya vichwa, inashuka mgongo wa mlima kwa mstari na kukanyaga kijito chetu. Nilijifinya mkono.

"Hodi, nyie mafukara," sauti ilisema. "Nasikia mmejizalia jumbe mzuri. Nimekuja kumwona mtoto."

Alikuwa mtu mfupi, ana makovu ya nyuki shingoni, meno machache. Nyuma yake ndugu zake, wake kwa waume, kila mmoja na mgomba au jembe. Hakuna aliyemwita; habari ya vijiti ilivuka mlima yenyewe. Mtani haitwi.

Mama alitoka. Nilidhani atalia, au atashukuru. Yeye alisimama mbele yake, mkono kiunoni, kwa mara ya kwanza akamuuliza kile alichopaswa kumuuliza tangu mwanzo.

"Wewe uliyerithi shamba la baba yako, unatafuta nini kwenye ardhi ya mama zangu?"

Yule mtu alimtazama bila kuelewa. Aliwageukia ndugu zake, nao hawakuelewa. Nikamweleza kwamba ndivyo gazeti lilivyosema, kwa maneno yake mwenyewe.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Yule mwalimu aliniuliza mali, nikamwambia mizinga, na migomba ya marehemu mjomba wangu. Akatikisa kichwa, akaandika. Sasa mjomba wa kwangu kageuka baba yangu huko ndani?" Akaanza kucheka mpaka akashika magoti. "Na ninyi mkaamini. Hata kuja kunitukana mkashindwa, watani gani ninyi."

Sidhani yule mwalimu alikusudia ubaya. Kwao pwani mtu humrithi baba yake, na labda aliona amemtengenezea mzee wa watu jibu la heshima. Lakini kucheka sikuweza. Nilimtazama mama, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mtani," alisema, "nilikuhukumu."

"Utanihukumu vizuri baadaye. Shimo la kwanza liwe wapi?"

Mama alitazama ng'ambo ya kijito. Nilijua anachokitazama ingawa ukungu ulikuwa umekifunika. Kisha alichukua jembe langu mkononi mwangu, akavuka wa kwanza, na shimo la kwanza alilichimba yeye, kando ya jiwe la mama yake. Alichimba huku anasema maneno kwa sauti ya chini, maneno ya kuomba radhi, na aliyasema kwa ardhi, si kwa mtu.

Tulifyeka, tulichimba, tulisimamisha migomba na kushindilia udongo kwa visigino. Watani walitutukana kazi nzima, walisema tunachimba kama kuku, na sisi tukawatukana. Ndani ya weupe ule sikujua nani yuko karibu yangu, mkono ulitokea na mgomba, mkono ukapotea. Mtoto alilala chini ya jani. Jua lilipoanza kutoboa, pale palipokuwa na usingizi palikuwa na shamba.

Wazungu wawili walikuja na askari na mkalimani, jumbe akiwa mbele kuonyesha njia. Alipofika kwenye jiwe alisimama. Migomba ilikuwa imenyooka, majani yanadondosha maji, bado hayajapata habari kwamba yameng'olewa, na chini yake wanawake wanapalilia kana kwamba wamepalilia hapo tangu kuumbwa kwa dunia. Mzungu mmoja alitazama karatasi yake, akatazama migomba, akamtazama jumbe. Mkalimani akauliza kama hapa ndipo penye pori.

Nilimwona jumbe akihesabu moyoni. Akisema jana hapakuwa na kitu, ataulizwa watu wake wanalimaje bila yeye kujua.

"Hapana, bwana," alisema kwa upole wake wote. "Hapa panalimwa."

Wakang'oa vijiti vyao wakaenda. Shamba likabaki letu. Migomba ile mingi ilikauka kabla mwezi haujaandama, michache ikashika. Mvua zilipokuja, udongo ulishuka kama mama alivyosema, mwekundu, mpaka kijito kikawa na rangi ya uji wa ulezi, naye alisimama ukingoni akiutazama unapita. Miaka mingi baadaye mahindi ya pale yalikuwa mafupi na ya njano.

Gazeti lililofuata lilifika likinuka samaki kama kawaida. Wanawake walikaa barazani. Kulikuwa na mazungumzo mengine ya yule mwalimu, safari hii na jumbe mpya peke yake. Nilisoma kwa sababu waliniomba nisome. Jumbe alisema kwamba katika sehemu yake hakuna tena ardhi inayokaa bure. Alisema amewahimiza watu, na hata mashamba yaliyokuwa yamelala yamesimama migomba kwa muda mfupi, na kwamba yeye mwenyewe amelishika kwa mkono jiwe la mpaka la kikongwe mmoja, akaona uzito wa ardhi ya watu maskini.

Hakuna aliyeguna. Bibi harusi mmoja, mgeni kutoka Mgeta aliyekuwa amekuja kumtembelea shangazi yake, alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, macho yamemlegea kama yangu yalivyolegea mara ile.

"Mna bahati, mama zangu," alisema. "Kwetu hatujapata mtu mwenye moyo kama huo."

Nilikunja gazeti. Nilitaka kusema, na nilikuwa na mengi, lakini mama alikwisha simama. Alijifunga kanga upya, akamshika yule binti mkono, akamwambia twende. Binti alinitazama mimi, nami nikabeba mtoto nikawafuata.

Tulipanda mgongo wa mlima. Mama hakumweleza kitu njia nzima. Upande wa pili kulikuwa na nyumba ndogo, mizinga inaning'inia mitini, na mbele ya nyumba uwanja mkubwa uliojaa mashimo. Mashimo matupu kila mahali, maji ya mvua yamesimama ndani yake, na hapa na pale jani moja bovu. Mrina asali alikuwa amekaa mlangoni anamenya muhogo.

Yule binti alisimama, mkono mdomoni.

"Mama," alinong'ona, "nani amemfanyia mzee huyu hivi?"

"Sisi," mama alisema, na akaenda kumsalimia.